Maua ya Mchelewaji

Mama alikaa kwangu karibu miezi minne bila kuzihamisha nguo zake kutoka mkobani. Kila asubuhi aliufungua, akatoa vazi la siku hiyo, akafunga zipu. Nguo ikishafuliwa, ikakauka na kupigwa pasi, hakukubali iingie kwenye kabati nililomwachia rafu mbili nzima. Aliipapasa, akaikunja kwa vidole vya mtu asiyeona, akairudisha mkobani, zipu ikalia, na mkoba ukarudi chini ya kitanda upande wa kichwani, karibu na mkono. Mtu akichungulia angedhani kuna gari linamngoja nje.

Na gari halikuwepo, wala pa kwenda hapakuwepo. Nyumba yake ilishauzwa. Aliyeinunua hakuitaka nyumba, alitaka uwanja, na wiki ya pili tu aliivunja akajenga ghala. Macho ya Mama yalikuwa yamemwisha polepole, kwanza la kulia, kisha la kushoto, na siku aliyomimina chai nje ya kikombe mara tatu ndipo alipokubali kuja. Kaka yangu anakaa mbali na nyumba yake ina ngazi. Kwangu hakuna ngazi.

Lakini kilichoniuma kuliko mkoba ni asante. Mama yangu ni mwanamke aliyenilea kwa amri, sikumbuki aniambie "tafadhali" tangu nizaliwe. Alipofika kwangu aligeuka mgeni. Nikimpa maji, asante. Nikimsogezea kiti, asante. Chakula kikikosa chumvi, nami najua kabisa kimekosa chumvi, anakula mpaka mwisho na kusema, "Asanteni sana, kitamu." Kitamu! Mwanamke huyu huyu aliwahi kunirudisha jikoni na sufuria nzima mbele za watu. Kila asante yake ilinichoma, kwa sababu mtu hashukuru namna ile akiwa kwake.

"Mama, hapa ni kwako," nilimwambia.

"Najua, mwanangu. Asante."

Sasa unafanyaje na mtu wa aina hiyo?

Kitu kimoja tu alikiulizia kwa sauti yake ya zamani. Siku aliyofika, kabla hata hajakaa, alishika mlango akauliza, "Mchelewaji yuko wapi?"

Mchelewaji ni mti. Ulikuwa nyuma ya nyumba yetu ya zamani, mti mfupi wa majani magumu, kimo cha mtu mzima, ambao jina lake halisi hatukuwahi kulijua. Maua mengine yote ya uwanjani yalitoka wakati wa mvua, yakajionyesha, yakaisha. Huu ulingoja kipupwe, majani ya wenzake yamechakaa na watu wanatafuta masweta, ndipo ukatoa vijiua vya rangi ya maziwa, vidogo kama punje za mchele, vimejificha chini ya majani hata usivione. Lakini harufu yake ilikukuta barabarani. Mama ndiye aliyeubandika jina hilo, na marehemu baba alikuwa akisema kwamba huyo ndiye mchelewaji pekee aliyewahi kusamehewa katika nyumba ile. Baridi yetu si ya kujivunia, ni ya kuvaa sweta alfajiri na kulivua saa nne, ila wiki zile tatu tuliamka mapema bila kuamshwa, tukakaa kibarazani na vikombe vya chai, hatusemi kitu. Na mimi nikinyamaza ujue kuna jambo.

Miaka saba iliyopita Mama alikata tawi la mti huo, akalifunga kwenye kitambaa kibichi, akanipa. Nililipanda nyuma ya nyumba yangu, chini ya dirisha la stoo. Likashika, likakua, likawa mti mzuri wa mviringo uliokaa sawasawa kila upande hata majirani wakausifu. Maua tu ndiyo hayakuja. Mwaka wa kwanza, hakuna. Mwaka wa pili, kipupwe kilipoingia, Mama akanipigia simu. "Ametoa?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizia mjukuu. Nikajibu, "Ametoa, Mama, nyumba nzima inanukia." Basi. Ukishalisema hilo mwaka huu, mwakani utarudi nyuma vipi? Nikalisema tena, na tena, kila kipupwe, mpaka likawa kama salamu.

Kwa hiyo siku aliyofika na kuuliza Mchelewaji yuko wapi, nilimshika mikono nikaipeleka kwenye majani. Aliupapasa mti juu mpaka chini, akauzunguka, akagusa ncha za matawi moja moja. Alichukua muda.

"Amekaa vizuri," alisema. "Amekaa vizuri mno."

Kisha akakikataa chumba cha mbele nilichomwandalia, chenye feni na dirisha pana, akachagua stoo, maana dirisha la stoo linagusana na mti. Tukatoa magunia, tukatoa baiskeli mbovu, tukaingiza kitanda na kabati. Mama akakaa kitandani, mkoba mapajani.

"Nitangoja hapa hapa," alisema. "Yakitoka, nitajua niko wapi."

Kipupwe kilikuwa bado miezi minne. Niliinama kana kwamba naokota kitu sakafuni, ili nipate pa kuuweka uso wangu, nikakumbuka kwamba haoni.

Tangu siku hiyo mti ule ulikuwa kazi yangu ya pili. Ya kwanza ni chumba cha kufulia cha hospitali, ambako nimefua, nimepiga pasi na nimekunja mashuka kwa miaka ishirini na miwili. Klorini imenila pua. Moshi nausikia, samaki aliyeoza namsikia, zaidi ya hapo usiniulize. Nilirudi kutoka zamu nikaumwagia mti maji ya kuoshea mchele. Niliutilia samadi. Niliuzungushia maganda ya mayai kwa sababu mwenzangu wa kwenye mashine ya kukamulia nguo aliapa kwamba yanasaidia. Mwisho nikaanza kuutukana, kwa sauti ya chini ili Mama asisikie. "Mwenzio amekuja na mkoba, anakungoja wewe," niliuambia. "Huna haya?" Niliwaza hata kununua marashi niunyunyizie dirishani, nikazuiwa na aibu, na pia na pua yangu, maana ningejuaje nimenunua harufu gani?

Mume wangu alikuwa ananitazama tu. Ni mtu mpole kuliko mimi, jambo ambalo si gumu. Ni kinyozi. Saluni yake iko barabara ya pili kutoka kwetu, viti viwili na kioo chenye ufa pembeni, na hufungwa Jumatatu. Ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona ncha zisizolingana akaziacha. Nyuzi za pembeni mwa zulia amezikata. Ufagio wangu mpya aliupunguza siku ya kwanza. Kwenye harusi ya binti yetu alitoa mkasi mfukoni akamlinganisha bwana harusi masharubu, wapiga picha wamesimama wanangoja. Yote hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nawasimulia watu kazini tunacheka mpaka tunashikana mabega. Na bado sikuunganisha.

Kipupwe kilipokaribia, niliona sina ujanja, nikamwita Bwana Miche, yule mzee anayeuza miche ya maua kando ya barabara kuu, kwenye makopo na mifuko ya nailoni. Alikuja Jumamosi asubuhi Mama akiwa bafuni. Aliuzunguka mti mara moja, akavua miwani, akaipangusa kwenye shati, akaivaa tena.

"Dada, huu mti nani anaunyoa?"

"Hakuna anayeugusa," nikasema. "Umejikalia hivyo wenyewe."

"Mti haujikalii hivi wenyewe." Akavuta tawi karibu na uso wangu. "Ona hapa. Ona na hapa. Ncha zote zimekatwa kimo kimoja, tena kwa mshazari. Hili si panga. Huu ni mkono wa fundi."

"Sasa maua?"

"Maua ya mti huu yanatoka kwenye makwapa ya majani, pale jani linaposhika tawi, kwenye matawi yaliyokua mwaka huo huo. Yeye anayaacha yakue, yakianza kushika vitumba anayakata. Ni kama kumwondolea mtu sahani kila anaponawa mikono." Akatikisa kichwa, kwa heshima kabisa. "Ila kazi yake safi."

Mkono wa fundi. Nilimwacha Bwana Miche amesimama pale na tawi lake. Nilitoka na kandambili zisizofanana, moja yangu na moja ya mume wangu, na sikuligundua hilo mpaka nilipofika saluni.

Jumamosi saluni hujaa. Kwenye kiti cha kwanza alikaa mwalimu mmoja mstaafu, amefungwa shuka shingoni, upande wa kushoto wa kichwa umenyolewa na wa kulia bado. Watu wengine wanne walikuwa kwenye benchi. Sikusalimia.

"Mti wetu anaunyoa nani?"

Mkasi ukasimama hewani.

"Mti gani?" mume wangu akauliza.

"Tunayo mingapi?"

Hakunitazama mimi, alinitazama kwenye kioo. "Mimi," akasema. "Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Moja tu kwa mwaka. Kabla ya kipupwe."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia."

"Mimi? Mimi nilikuambia nini?"

Akaweka mkasi juu ya taulo, taratibu. "Mwaka ule wa kwanza, mke wangu. Ulisimama uwanjani ukasema huu mti umekaa kama kichwa cha mwendawazimu. Ukasema watu wakipita watauliza, hii ni nyumba ya kinyozi gani? Nikaona kweli, ni aibu. Basi nikawa nautengeneza wewe ukiwa kazini. Nafagia majani yote, nayatupa, usikute uchafu. Nilitaka kukuambia, lakini ulirudi jioni ukausifu. Ulisema, 'Huu mti unajitunza, si kama watu wengine.'" Akatabasamu kidogo, bila kukusudia. "Nilifurahi sana siku ile."

Watu wa kwenye benchi walikuwa wametulia kama wako kwenye mtihani.

"Na miaka yote hii huoni kwamba hautoi maua?"

"Si unatoa?" Sasa aligeuka akanitazama mimi mwenyewe, na alikuwa ameshangaa kwa dhati. "Kila mwaka nakusikia unamwambia Mama kwenye simu nyumba nzima inanukia. Mimi sisikii kitu. Nikadhani ni spiriti ya saluni, imeniharibu pua."

Mdomo uliomdanganya Mama ndio uliomdanganya na kinyozi, na mdomo huo huo ndio uliotuma mkasi. Ningemlaumu nani?

"Mwaka huu je?" nikauliza, na sauti ilitoka ndogo.

"Nimeshakata," alisema. "Jumatatu ya wiki iliyopita. Wiki mbili sasa."

Mwalimu mstaafu akakohoa kwenye shuka lake. "Shemeji," alisema, "kugombana ni haki yenu, lakini mimi nina nusu kichwa."

Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, na sikujali nani ananiona. Nilijua nitakachokuta mwezi ujao: Mama dirishani, asubuhi baada ya asubuhi, na mti nadhifu usio na kitu. Angesubiri wiki tatu zile ziishe, angeniambia, "Si kitu, mwanangu, asante," na mkoba ungebaki chini ya kitanda mpaka siku ya kumzika.

Saa sita mchana mume wangu alifunga saluni. Jumamosi! Hajawahi kufunga Jumamosi hata siku aliyong'olewa jino. Nilikuwa jikoni, nikamsikia anapita uani, sikutoka. Nilijifanya nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Baada ya muda akasimama mlangoni.

"Mke wangu. Njoo uone."

"Nimeshaona."

"Huku hujaona. Njoo."

Alinishika mkono akanipitisha nyuma ya mti, kwenye upenyo kati ya majani na ukuta, mahali ambapo mtu mnene kama mimi hana shughuli ya kwenda. Tukabanana pale. Upande ule mti ulikuwa mwingine kabisa. Matawi yalikuwa marefu, yamekwenda ovyo, mengine yameegemea nondo za dirisha la Mama.

"Huku sikukata," alininong'oneza.

"Kwa nini?"

"Niliona haya. Nilifika hapa na mkasi, nikamsikia Mama anakohoa ndani. Nikafikiri, huenda anabadilisha nguo. Mkwe wangu yuko chumbani anavaa, mimi nisimame dirishani kwake na mkasi? Watu watasemaje? Nikarudi nyuma. Nikasema nitamalizia siku nyingine, halafu nikashindwa."

Zamani chumba kile kilikuwa stoo, na baiskeli haina haya, ndiyo maana miaka mingine aliuzunguka mti wote. Nilinyanyua jani moja. Kwenye kwapa lake palikuwa na vidonge vya kijani, vinne au vitano, vidogo kama vichwa vya pini. Nilinyanyua jingine. Mume wangu akanishika mkono.

"Usiviguse," alisema. "Tusiviguse."

Nilimtazama mtu huyu aliyebanwa ukutani na mimi, ana vipande vya nywele za mwalimu kwenye shati, na hasira yote ikanitoka. Nilimwegemea bega. Kwa mara ya kwanza tangu Mama aje nilishukuru kwamba nimeolewa na mtu mwenye haya.

Tulikubaliana tusimwambie Mama, visije vikaanguka kabla ya kufunguka. Kipupwe kikaja kwa kusitasita. Asubuhi mbili za baridi, kisha joto, kisha mawingu. Mume wangu alivaa sweta lake la saluni mapema kama vile atakivuta kipupwe kwa nguvu. Kila jioni nilitaka kwenda kuchungulia nyuma ya mti, na kila jioni alinikumbusha kwamba nikipita pale kwa mwili huu nitavunja kila kitu. Mama alikula, akashukuru, akafunga zipu. Aliuliza mara moja tu, "Bado?" nikamjibu, "Bado, Mama," na hilo lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli kuhusu mti ule kwa miaka mingi.

Ilikuwa Jumatatu, mume wangu yuko nyumbani, mimi nimeshavaa sare ya kazi na nafunga kamba za viatu. Kukapigwa kelele kutoka chumbani.

"Nyie! Nyie wawili! Hamsikii?"

Ilikuwa sauti ya kuniita utotoni nikivunja kitu. Tulikimbia tukidhani ameanguka. Tulimkuta amesimama dirishani na gauni ya kulalia, amepitisha mikono yote miwili katikati ya nondo mpaka viwikoni, majani yamemzunguka vidole.

"Mchelewaji amefika," alisema.

Mume wangu alisimama mlangoni, akavuta pumzi, na nikaona uso wake unabadilika. Alikaa chini, pale pale sakafuni, kinyozi mzima wa miaka hamsini na saba. "Yallah," alisema polepole. "Kumbe ndiyo hii?"

Mimi sikusikia kitu. Nilisogea, nikavuta hewa, nikapata sabuni ya sare yangu. Nikavuta tena kwa nguvu, nikapata klorini. Maua nilikuwa nayaona, meupe, yamebanana kwenye makwapa ya majani shada kwa shada, na mimi niliyeyahangaikia kuliko wote ndiye sisikii.

"Wewe husikii?" Mama akauliza.

"Sisikii, Mama." Na kwa kuwa machozi yalishaanza kutoka, nikaona nitoe yote. "Na sijawahi kusikia hapa hata siku moja. Hajawahi kutoa. Miaka yote ile nilikudanganya."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulikuwa unajibu kwa sentensi moja. 'Nyumba nzima inanukia,' basi. Mtu aliyemsikia Mchelewaji haishii sentensi moja. Na wewe hujawahi kuishia sentensi moja kwa jambo lolote."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulitaka nifurahi. Nilifurahi." Akanivuta kwa mkono wa sare mpaka nikagusana na nondo. "Sasa acha kuvuta kama mtu anayevuta ugoro. Nyamaza. Funga mdomo, ukae, ije yenyewe."

Nikanyamaza. Nilikaa bila kusema kitu muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa tangu niondoke kwenye nyumba ile. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha kikapita kitu kidogo, kikaondoka. Kikarudi. Kilikuwa kama tunda lililoiva na kusahauliwa kwenye droo ya nguo safi, na asali kwa mbali, na chini yake ubaridi wa asubuhi. Nilikuwa na kikombe cha moto mikononi tena. Baba alikuwa pembeni yangu na lile koti lake lenye kiwiko kilichotoboka, na kibaraza kilikuwepo, na hakuna ghala lolote lililokuwa limejengwa mahali popote. Nilimshukuru Mungu kwa pua yangu iliyobaki, hiyo hiyo mbovu. Nilishukuru kwa Mama, kwa mti, kwa klorini iliyoacha nafasi kidogo, kwa kila kitu nilichoweza kukikumbuka.

"Imekuja," Mama alisema. Alijua kwa kunisikia ninavyopumua.

Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni. "Na wewe, baba."

"Naam, Mama," mume wangu akajibu kutoka sakafuni.

"Siku ya kwanza niliyoushika huu mti nilikuta ncha zake zimelingana kama nywele za mwanajeshi. Nikajua tatizo liko wapi. Nikangoja. Jumatatu ile nikausikia mkasi wako, chaka, chaka, unazunguka. Ulipofika dirishani nikakohoa."

Mume wangu alifungua mdomo. "Ulikuwa huumwi?"

"Kifua changu kizima. Nilijua ukimsikia mkwe wako ndani utakimbia."

"Lakini Mama," nilisema, "si ungesema tu! Ungeokoa mti wote!"

"Mgeni hawapangii watu mambo nyumbani kwao," alisema.

Nilihisi neno lile, mgeni, linavyoningojea kila siku katika nyumba hii, na nikaogopa kwamba sasa atatushukuru.

Mama akatoa mikono nondoni. Akasimama wima.

"Ila sasa nasema. Mti huu hauguswi na mtu mpaka maua yaanguke. Yakishaanguka, nitasimama hapa mwenyewe nikuelekeze pa kukata na pa kuacha, na ukipitisha mkasi mahali pengine nitakuchapa nao. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

"Na hilo sweta linanuka spiriti mpaka huku. Kalivue, unatuharibia hewa."

"Ndiyo, Mama." Akainuka akatoka mbio, na nilimsikia anacheka peke yake uani.

"Wewe unangoja nini?" akanigeukia. "Toa huo mkoba chini ya kitanda. Nguo za mtu zinakaaje gizani miezi yote hii kama za msafiri? Gauni zangu rafu ya juu, si ya chini, mgongo huu hauinami tena. Na jana wali ulikuwa hauna chumvi. Na juzi pia."

Nilituma ujumbe kazini kwamba nitachelewa, mara yangu ya kwanza katika miaka ishirini na miwili. Niliuvuta mkoba, nikafungua zipu mpaka mwisho wake, pale ambapo haijawahi kufika tangu aje. Niliitoa gauni ya kwanza nikaikunja, nikaiweka kwenye rafu. Mama akaifuata kwa mkono, akaipapasa pembe zake, akasonya.

"Hivi ndivyo unavyokunja? Na mashuka ya wagonjwa wanakuachia wewe?"

"Asante, Mama," nikasema.

"Asante ya nini? Kunja upya."

Nikakunja upya.